Jibu Lililotangulia Posa

Hebu niambie, umewahi kumsikia mwanamke aliyekubali posa wiki nzima kabla haijaletwa? Basi ndiye mimi. Naitwa Vicky, binti ya mama Germaine, Mkongo anayeuza chisense, dagaa wa ziwa, sokoni Kashikishi, pale Nchelenge upande wa Wazambia, na mwaka ule wa tisini na tisa nusura nikose mume kwa sababu ya saa. Si saa ya mkononi wala ya ukutani. Ilikuwa saa ya kompyuta, tena kompyuta iliyokuwa ndani ya kompyuta nyingine. Ngoja, usikimbie, nitaeleza. Mama yangu hajui hata kubadili stesheni ya redio, na yeye alielewa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya ba Fanwell, ba ya heshima kama wasemavyo kwao, Mzambia mnene mwenye moyo mwepesi, aliyekuwa na depo karibu na gati: barafu, betri, soda, na meza moja pembeni ya kuchapia watu barua. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Lubumbashi na diploma yangu ya informatique, masomo ya kompyuta, nikakuta laini ya simu ya depo inafanya kazi, nikaona riziki. Nikamwambia ba Fanwell nataka kufungua seva ya barua pepe, ili wafanyabiashara wa upande wetu wa ziwa, wa kutoka Chienge mpaka Mwansabombwe, kila mmoja awe na sanduku lake la barua. Alikubali, ila kompyuta ilikuwa moja na wenyewe wawili. Yeye aliitaka kwa kuchapa na kwa muziki. Mimi nilitaka mfumo wangu tofauti kabisa, usioguswa na mtu.

Rafiki yangu wa Lusaka akanitumia CD yenye programu mpya kabisa. Ukiiweka, inajenga kompyuta nzima ya kuwaziwa ndani ya ile ya kweli. Ina mfumo wake, ina nafasi yake ya kuweka vitu, ina saa yake. Kwa nje ba Fanwell anachapa barua za watu na kupiga rumba, kwa ndani seva yangu inapokea na kupeleka barua, na hawajuani. Nilipoiona mara ya kwanza inaamka, kompyuta ndani ya dirisha la kompyuta, nilipiga vigelegele peke yangu kama bibi harusi. Asubuhi na jioni modemu ililia, ikapiga simu Lusaka, ikamwaga barua zetu na kubeba za wenzetu. Nilijiona waziri wa posta.

Na muziki? Kashikishi duka lisilolia ni duka lililokufa. Wanunuzi hupita wakidhani kuna msiba. Ba Fanwell alikuwa na redio ya kaseti iliyokuwa ikitafuna kanda, mpaka mteja mmoja wa Kitwe alipomletea CD moja yenye nyimbo mia na zaidi, zilizobanwa humo kama chisense ndani ya gunia. Tangu siku hiyo kompyuta yake ikawa inaimba kutoka anapofungua mpaka anapofunga. Kalindula asubuhi, rumba mchana, nyimbo za kwaya akipita mchungaji.

Sasa mwanaume wangu. Guylain alikuwa fundi na dereva wa lori la samaki, Lubumbashi kwenda Kilwa, ile ya Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, na kurudi. Tulijuana Kilwa lori lake lilipovunjika ekseli, nami nilikuwa nikingoja mashua ya kunivusha. Nilimcheka, akanicheka, na ekseli ikachukua siku nyingi kupona kuliko ilivyostahili. Nilimpenda. Sina maneno ya kuzungusha hapo. Nilimpenda mpaka nikawa namkaripia mama bila sababu.

Guylain alilelewa na mjomba wake, papa Evariste, aliyekuwa karani wa reli maisha yake yote. Papa Evariste ndiye alikuwa mdomo wa ukoo, na alikuwa na imani moja tu kubwa baada ya ile ya Kanisa: karatasi. Neno lisilo na karatasi yenye tarehe, kwake lilikuwa upepo. Simu za Lubumbashi zilikuwa zimekufa kitambo, lakini mjini palikuwa na ofisi yenye antena ya sahani juu ya paa, ambako dada mmoja, Agnès, alipokea barua pepe za watu, akazichapisha na kuwapa. Ndiko ilikotoka posa yangu. Iliandikwa vizuri, kwa heshima, tarehe ishirini Oktoba. Mama aliita kaka zake wote wawili, wakakaa, wakakohoa, wakaninunia kidogo ili nisione ndoa ni jambo rahisi, na kesho yake wakaniamuru nichape jibu: tumewasikia, karibuni. Neno "karibuni" nililikosea mara tatu.

Kisha kimya. Halafu barua ya papa Evariste ikaja, fupi kama kofi.

"Sisi tulipiga hodi tarehe makumi mbili. Ninyi mulisema karibu tarehe kumi na mbili. Ile tarehe kumi na mbili, njo nani alikuwa ku mulango?"

Niliisoma nikaona nyota: jibu letu lilikuwa na tarehe ya siku nane kabla ya posa yao ya ishirini. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu aliyewahi kukaa kikao cha posa: kwamba barua yetu ya kukubali ilikuwa imeshaandikwa kwa mwanaume mwingine, huyo mwingine akaingia mitini, nasi tukamtupia Guylain makombo. Mama aliposikia alikaa juu ya gunia lake la chisense bila kujali.

"Anatuita batu ba kuuzisha samaki ya jana sawa ya leo!" alisema. "Miye Germaine! Mu hii soko yote!"

"Mama, kuna kosa."

"Kosa iko wapi? Tarehe uliandika weye!"

Hapo ndipo nilipotulia ghafla, kwa sababu sikuwa nimeandika tarehe. Tarehe huwekwa na seva yenyewe, juu ya kila barua inayotoka. Nilikimbia depo na kanga ikinidondoka. Nikaangalia saa ya kompyuta ya nje, ya ba Fanwell. Sawasawa. Nikafungua dirisha, nikaangalia saa ya kompyuta ya ndani, yangu. Kwake ilikuwa bado wiki iliyopita, tena mwanzoni mwa wiki iliyopita! Sanduku moja, umeme mmoja, meza moja, na saa mbili zinazoishi katika wiki mbili tofauti. Sikuwa nimewahi kuitazama. Nani huangalia saa ya mashine wakati anayo mkononi?

Nilirekebisha saa kwa hasira, nikafuata ile milio ya redio ya saa kamili. Kesho kutwa yake asubuhi, baada ya wajomba kuniruhusu, nikatuma barua ya kujitetea, nami nikiwa na hasira huwa siachi kujisifu. Niliandika kwamba saa ya seva ilikuwa mgonjwa, kwamba mimi mwenyewe nimeitibu, na kwamba papa Evariste akitaka ushahidi atazame tarehe ya barua hiyo hiyo, ataona imenyooka.

Unajua kilichotokea. Hapo katikati ilikuwa imepita siku ya soko, depo imeimba kutwa, na saa ile ikawa imebaki nyuma kwa karibu saa tisa. Barua yangu ya kujigamba ikafika Lubumbashi na tarehe ya jana.

Jibu la papa Evariste lilikuwa na maneno machache kuliko lile la kwanza. "Nimeangalia. Nakuya mwenyewe, samedi ingine, na mashua ya Kilwa. Tumalize maneno." Na sote tulijua maana ya kumaliza. Mtu haji na mashua kutoka Kilwa ili kuandika barua nyingine. Anakuja kuvunja.

Basi, mpaka Jumamosi hiyo, nilikuwa na wiki moja na kidogo ya kujua kwa nini saa inachelewa, la sivyo Guylain angekwenda zake na jina langu lingebaki sokoni kama harufu. Nililia jioni moja tu. Kisha hasira ikanipanda, na mimi hasira ndiyo petroli yangu.

Nilianza na betri ndogo ya ndani ya sanduku, ile inayoshika saa umeme ukikatika. Niliibadilisha. Hakuna kitu, na nilipaswa kujua, maana saa ya nje ilikuwa nzima siku zote. Nikaushuku umeme, jenereta ya depo ilikuwa na kifafa chake. Siku nzima nikasimama kuhesabu jinsi taa zinavyopepesa. Hakuna kitu. Nikalishuku joto, nikahamisha meza yote karibu na masanduku ya barafu, mpaka ba Fanwell akawa anauza soda akiruka nyaya. Saa ya ndani iliendelea kuchechemea, leo sana, kesho zaidi.

"Awe, ba Vicky," alisema ba Fanwell akijipepea kwa kofia. "Hii haiko maneno ya betri. Balitupia kintu. Depo ya pale chini inaona wivu."

"Ba Fanwell, mulozi gani anaacha barafu na soda anakuya kuloga saa?"

"Ule wa masomo," alinijibu, na nikacheka ingawa sikutaka.

Jumanne ya wiki ile mzee Jairos akafa. Alikuwa mshonaji wa nyavu, jirani wa depo, mtu ambaye nusu ya nyavu za Kashikishi zilipitia mikononi mwake. Kwetu pale, kukiwa na malilo, yaani msiba, pwani yote inanyamaza. Redio zinazimwa, mabaa yanakaa kimya, hata wanaoita bei ya samaki wanaita kwa kunong'ona. Ba Fanwell alizima muziki wake kabla hata hajaambiwa, akafunga mlango mmoja wa depo na kuacha mmoja, kwa sababu wafiwa nao wanahitaji barafu. Jenereta iliendelea.

Jumatano nilipita kutazama saa, ambayo jana yake jioni nilikuwa nimeilinganisha tena na ya nje, kwa mazoea tu, kama mtu anavyogusa jino bovu kwa ulimi. Saa ya nje na saa ya ndani zilikuwa sawa. Nilidhani macho yananidanganya. Nikatoka, nikazunguka, nikarudi. Sawa! Sekunde kwa sekunde, zikitembea bega kwa bega kama mapacha wanaokwenda misa. Wiki mbili mashine imenidhalilisha, na siku hiyo imeamua kuwa na adabu. Furaha ilinipanda kutoka miguuni. Nilitoka nje mbio, mikono juu, nikipiga kelele: "Iko juste! Iko juste!" Na kigelegele nikakiachia, kirefu, cha harusi kamili.

Mbele yangu walikuwa wanapita watu wamebeba jeneza la mzee Jairos.

Wacha nisiseme mengi. Ninakumbuka macho tu. Mama alitoka katikati ya wanawake, akanishika sikio na kunivuta kama mbuzi. Binti mkubwa wa marehemu, mama Esnart, alinijia akiwa na kitenge kimefungwa kiunoni na uso umevimba kwa kulia.

"Weye, mutoto ya Kongo, unafurahia nini ku malilo ya tata?"

Nilipiga magoti mchangani. "Mama Esnart, nisamehe. Sikuona. Ni saa yangu, ilikuwa mugonjwa, na sasa..."

"Saa!" Alinitazama kama mtu anayeamua kati ya kupiga na kucheka. "Basi saa yako inaweza kukungojea. Utapikia batu mpaka tumalize."

Ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na ilikuwa ya haki. Nilipika bukari, ugali wa kwetu, kwenye masufuria ambayo mtu angeweza kuogea, mwiko mrefu kama kasia, moshi machoni, na wanawake wa Kibemba wananisimanga kwa upole, "Endelea, ba mwenye saa, usichoke." Lakini mikono ikisonga, kichwa nacho kilikuwa kinasonga. Kitu gani kimenyamaza pwani hii ambacho jana kilikuwa kinasema? Jenereta haijazimwa. Joto ni lile lile. Wateja wamepungua, ndiyo. Barua zimepungua, ndiyo. Na muziki umekufa kabisa. Washukiwa wawili, basi: barua au muziki. Na barua hazikuwa zimeanza kuingia majuzi, zilikuwa zikienda tangu zamani bila mtu kulalamikia tarehe. Muziki ndio!

Nusura nipige kigelegele kingine juu ya sufuria. Nilijiziba mdomo kwa kitenge.

Nikaomba ruhusa ya kwenda kuleta chumvi, nikapitia depo. Ba Fanwell alikuwa amekaa kwa huzuni ya adabu, anakunywa soda yake mwenyewe.

"Ba Fanwell, nataka upige muziki."

Alisimama. "Mawe! Unataka banichomee depo? Malilo iko pale!"

"Mu kichwa yangu tu." Nilichomoa waya wa spika, nikachomeka zile spika ndogo za masikioni za walkman yangu. "Masikio yangu njo itasikia. Mungu na mzee Jairos watanisamehe."

Alifunga dirisha, akachungulia nje, akabonyeza. Rumba ikaanza kichwani mwangu, magitaa matatu kwa pamoja, na depo yote kimya kabisa kwa mtu mwingine. Nilitazama saa mbili. Ya nje ikapiga hatua, hatua, hatua. Ya ndani ikapiga hatua, ikasita, ikapiga, ikasita. Ilikuwa inachechemea mbele ya macho yangu! Kelele haikuwa na kosa, wala watu, wala wachawi wa depo ya chini. Ilikuwa ile kazi ya kuzifungua nyimbo. Nilizima, ikatembea vizuri. Nikawasha, ikachechemea. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu, huku machozi yakinitoka na ba Fanwell akiniuliza kama wimbo una huzuni.

Nilimweleza hivi. Saa ya kompyuta ya ndani haijui muda, inahesabu tu mapigo inayotupiwa na ya nje. Ni kama mama anayehesabu samaki wakitupwa kapuni. Akiwa peke yake, hesabu imenyooka. Lakini yule anayetupa akianza kucheza rumba, samaki wengine wanaangukia nje ya kapu, na mama anasema "mia" kwa moyo safi wakati wametupwa mia na hamsini. Hajadanganya. Hakuonyeshwa.

"Kanshi!" alisema ba Fanwell, akashika kiuno. "Sasa utaitengeneza?"

Dawa niliijua: mistari michache ya programu, ya ndani iwe inauliza ya nje muda kila mara, hata muziki ukipigwa mpaka Pasaka. Ningeiandika mchana ule ule. Lakini nilitikisa kichwa. Papa Evariste alikuwa anakuja, na maneno yangu kwake yalikuwa yameshakuwa hewa mara mbili. Nilihitaji aone kwa macho yake. Mgonjwa huyu ndiye alikuwa shahidi wangu, na shahidi haponywi kabla ya kesi.

Nikarudisha chumvi, nikapika mpaka matanga yakaisha, na mama Esnart akaniambia mkono wangu wa bukari si mbaya.

Jumamosi mashua ya Kilwa ilionekana mapema, imejaa watu na magunia, kila mtu akikimbilia kuuza kabla uvuvi wa ziwa haujafungwa kwa msimu. Soko lilikuwa limerudisha sauti zake zote. Papa Evariste alishuka kwa kupandisha suruali yake ya kitambaa mpaka magotini, koti amelikunja mkononi, miwani, saa ya chuma kwenye kifundo cha mkono. Hakumpa mama mkono. Mama alimwekea kiti mlangoni pa depo, hakukikalia.

"Nilikuya juu ya karatasi mbili," alisema, na akazitoa: barua zetu mbili zilizochapishwa, kila moja na tarehe yake mbaya.

"Papa Evariste," nilisema na magoti yameinama kwa heshima, "sitasema kintu. Nitakuonyesha."

Tuliingia depo. Ba Fanwell alikuwa amevaa shati jeupe, amefagia, na muziki ulikuwa unalia kwa nguvu, kalindula nzuri kabisa. Nilifurahi, kila kitu tayari. Nikaweka saa ya nje na saa ya ndani kulingana na saa ya papa Evariste, sekunde ile ile, akithibitisha yeye. Nikamwambia: ngoja utaona ya ndani inabaki nyuma.

Tukangoja. Muziki ukalia. Saa mbili zikatembea bega kwa bega.

Tukangoja tena. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza. Bega kwa bega. Jasho likaanza kunishuka mgongoni. Mama alinitazama, kisha akatazama chini.

"Minaona iko muzuri," alisema papa Evariste polepole. Hakuwa na furaha, hilo nitamsifia. "Iko muzuri sana. Donc haikukuwa saa." Na akaanza kukunja karatasi zake.

Nakuambia, sijawahi kuhofu hivyo, hata siku tulipovuka ziwa tukikimbia vita. Ningependa kusema nilifikiri. Sikufikiri, nilisikiliza tu, kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Na nikasikia sauti ya mwimbaji inavutika. Inazama, inapanda, inazama tena, kama ya mtu anayeimba huku anapanda ngazi. CD haiimbi hivyo. Hivyo huimba kanda iliyolegea!

Nilipiga mbizi chini ya meza. Nyaya za spika hazikuwa zimechomekwa kwenye kompyuta. Zilikwenda nyuma ya masanduku ya soda, kwenye ile redio ya kaseti ya zamani.

"Ba Fanwell!"

"Nilitaka kompyuta ipumuzike," alisema, macho makubwa. "Juu ya mugeni. Weye ulisema muziki njo inaiuma."

Ningemnyonga, na pia ningembusu, nikakosa muda wa vyote viwili. Nilichomoa, nikachomeka, nikaweka CD, nikabonyeza. Rumba ikapasuka kutoka kwenye spika, safi, kwa nguvu zote.

"Papa, nakuomba! Angalia sasa!"

Papa Evariste alikuwa ameshafika mlangoni. Alirudi, nadhani kwa sababu nilikuwa nimemshika koti. Akainama. Saa ya ndani ikapiga hatua, ikasita. Ikapiga, ikasita. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alivua saa yake ya mkono, akaishika dhidi ya kioo cha kompyuta, na midomo yake ikawa inahesabu. Sekunde zikaanguka, kisha dakika nzima ikawa imepotea, mchana mweupe, mbele ya mashahidi.

"Zima ile muziki," alisema.

Nilizima. Saa ikatembea vizuri.

"Mais ile dakika ilipoteza?"

"Hairudishi, papa. Ile inapotea inapotea. Na siku na siku, inakuwa wiki."

"Washa."

Niliwasha. Akazima mwenyewe. Akawasha. Karani wa reli mzima, nywele nyeupe, anazima na kuwasha rumba kama mtoto aliyepewa swichi! Watu walikuwa wamejaa mlangoni, wauza mkate, wabeba magunia, wengine wanaishangilia saa ibaki nyuma kama vile ni timu yao. "Inaanguka! Inaanguka!" Na mama yangu, aliyekuwa hajacheka tangu barua ile ya kwanza, alicheka mpaka akakikalia kile kiti cha mgeni.

Mwisho papa Evariste alinyoosha mgongo. Alizitazama zile karatasi mbili, akaziweka juu ya meza na kuzisukuma mbali kidogo.

"Fundi ya hii kintu ni nani?"

"Ni miye, papa."

"Weye peke?"

"Miye peke."

Nilidhani atasema kwamba mke wa mtu hapaswi kulala chini ya meza na nyaya, nami nilikuwa na jibu lake tayari, tena kali. Lakini alisema jambo jingine.

"Hizi barua zote ni ya bajomba yako. Nilisafiri juu ya barua. Mais weye, kinywa yako sijasikia. Mutoto yangu Guylain, unamutaka?"

Mimi, ambaye nina neno kwa kila mtu, nikasema ndiyo kwa sauti ya mtu anayeungama dhambi.

"Sema nguvu."

"Papa umesikia."

"Miye nimesikia. Mais Guylain iko mu mashua." Aliangalia pembeni, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa wa mzazi. "Nilimukataza kutelemuka mpaka nimuite. Nilimuleta ili asikie na masikio yake vile tunavunja, juu miye kama ningeenda kumuambia, hangekubali."

Alikuwa pale! Muda wote huo, nilipokuwa chini ya meza, nilipokuwa natoka jasho, alikuwa amekaa juu ya magunia ndani ya mashua, hatua chache kutoka ufukweni, anangoja kukataliwa. Sikumjibu papa Evariste. Niliwapita watu mlangoni kwa viwiko, nikawapita wauza mkate, nikaruka nyavu, mpaka maji yakanigusa miguu. Nilimwona. Alikuwa amesimama kwenye mashua, kofia mkononi, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshajizoesha habari mbaya.

"Ndiyo!" nilipiga kelele. "Guylain! Nimesema ndiyo!"

Mashua ilikuwa imeshasukumwa nje kidogo, lakini hakungoja isogezwe. Aliruka na suruali yake mpya, maji yakamfika kiunoni, akaanza kuja akiyasukuma kwa mikono yote miwili, nami nikaingia kumfuata.